Mama, hawa hawachezi, wananunua

Bibi mmoja wa Kisaka, wilayani Serengeti, alikuwa akigeuza udaga kwenye turubai alipohisi ardhi inazunguka. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali. Akakaa chini taratibu, akashika kichwa kwa mikono miwili, akamwita mjukuu wake.

"Mume wangu, niletee maji."

Ndivyo anavyomwita, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kiume. Kijana huyo wa miaka 15, mwanafunzi wa kidato cha pili, alikuwa ndani na simu mkononi. Mara ya kwanza aliitika bila kutoka. Alipoitwa tena akatoka, akamkuta bibi ameegemea ukuta, macho ameyafumba.

Jirani mwenye pikipiki aliwapakia wote wawili, mshikaki, hadi kituo cha afya. Muuguzi akapima presha: 198 kwa 112. Akampumzisha, akapima tena mkono wa pili. Tofauti ilikuwa ndogo. Akauliza dawa alikunywa lini mara ya mwisho.

"Muulize mume wangu," bibi akasema. "Mwenye hesabu ni yeye."

Kijana akatazama sakafu. Dawa zilikuwa zimeisha siku tisa zilizopita.

Fedha za dawa zilikokwenda

Mama wa kijana huyo ni mama lishe Nyamongo, ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Tarime, ambako mgodi wa dhahabu umevuta watu wengi wanaohitaji kula. Mwanzoni mwa kila mwezi hutuma shilingi 35,000 kwenye simu ya bibi. Katika hizo, 18,000 ni za dawa za presha. Zinazobaki ni za sukari, sabuni na mahitaji madogo ya nyumbani.

Bibi ana kitochi, na hajui kusoma. Kwa hiyo anayeingiza namba ya siri, kwenda kwa wakala na kurudi na dawa ni mjukuu. Hakuna aliyeona tatizo. Ni mtoto mtulivu, hanywi, hatembei usiku, anafanya vizuri katika Hisabati. Jioni akimaliza kuteka maji anakaa na simu janja ya zamani aliyoachiwa na mama yake, ile yenye kioo kilichopasuka kona.

Kwenye simu hiyo alikuwa na timu ya mpira.

Si ule mchezo wa kukimbiza mpira kwa vidole. Ni mchezo wa ukocha. Mchezaji anapewa klabu, anasajili, anapanga mfumo, anaamua nani apumzike na nani aanze. Mechi yenyewe inachezwa na kompyuta kwa saa iliyopangwa, dhidi ya timu ya mtu mwingine wa kweli, ambaye huenda yuko Nairobi, Jakarta au Warsaw. Matokeo yanatokana na nguvu za wachezaji, uchovu wao, mbinu iliyochaguliwa na bahati kidogo.

Timu yake aliiita kwa jina la Biashara United, klabu ya Mara. Alikuwa na miaka 11 ilipofika Oktoba 2021, Biashara ikaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 jijini Dar es Salaam katika Kombe la Shirikisho Afrika, kisha ikashindwa kusafiri kwa mechi ya marudiano na kuondolewa mashindanoni. Msimu huohuo ikashuka daraja. Kwenye simu, alisema baadaye, alitaka Biashara isafiri.

Misimu miwili ya kwanza alitwaa ubingwa bila kulipa senti. Msimu wa tatu akapandishwa ligi na kuanza kufungwa. Akabadili mfumo, akafungwa. Akawapumzisha wachezaji, akafungwa. Ndipo akagundua kuwa waliokuwa wakimfunga wana tokeni, yaani sarafu za ndani ya mchezo zinazonunuliwa kwa fedha halisi. Tokeni humleta mchezaji bora kwa dakika moja, humponya majeruhi na kumwondolea uchovu aliyechoka.

Kijana mmoja pale senta alikuwa na kadi ya benki na alikubali kuwalipia wenzake kwa kuongeza chake kidogo. Mara ya kwanza mwanafunzi huyu alimpelekea shilingi 3,000, zilizotoka kwenye fedha ya sabuni. Mwezi uliofuata 5,000, za sukari. Mwezi wa tatu alipeleka 18,000. Bibi alipouliza dawa, alimjibu kwamba mama hajatuma zote, atamalizia wiki ijayo.

Fimbo na daftari

Mama alifika Kisaka kesho yake asubuhi. Alimkuta bibi amelala, presha imeanza kushuka, dawa zimenunuliwa kwa mkopo wa jirani. Alimkuta pia kaka yake, mjomba wa kijana, amekaa mlangoni na fimbo.

"Mura, njoo hapa," mjomba aliita. "Kwa nini unataka kumuua mama yangu?"

Kijana alikuja na daftari. Hakuwa na la kusema, ila alilishika kama mtu aliyeshika stakabadhi. Mama ndiye aliyelipokea. Mbele kulikuwa na Hisabati za shule. Alipoligeuza kwa nyuma akakuta kurasa kumi na mbili zimechorwa mistari kwa rula: tarehe, mpinzani, nguvu ya mpinzani, nguvu yetu, mfumo wao, mfumo wetu, matokeo.

Mama huyu aliishia darasa la saba, lakini daftari la madeni analiandika mwenyewe kila usiku. Alijua kusoma safu za namba. Akauliza mstari uliopigwa chini kwa wino mwekundu maana yake nini.

Kijana akaeleza, mwanzoni kwa sauti ya chini. Alikuwa amecheza mechi 40 dhidi ya timu zilizomzidi nguvu kwa pointi 10 au zaidi. Ameshinda 3, ametoka sare 5, amefungwa 32. Dhidi ya timu zilizolingana naye, ameshinda zaidi ya nusu.

"Mama, hawa hawachezi," alisema. "Wananunua."

Mjomba alicheka kwa hasira. Mama hakucheka. Aliuliza swali moja: "Ile elfu kumi na nane ilikupa nini?"

Kijana akafungua ukurasa wa mwisho. Alishinda mechi sita mfululizo. Msimu ukaisha, akapandishwa ligi. Huko juu akakutana na timu ambazo zimetumia zaidi yake. Akaanza kufungwa tena.

Kosa si la mtoto peke yake

Wazazi wengi wakisikia mtoto analalamika kwamba mchezo wa simu hauna haki, humjibu kwamba ni mchezo tu. Kwa wanaotengeneza michezo, hilo ni suala kubwa lenye kazi yake maalumu: kusawazisha mchezo. Maana yake ni kuhakikisha aliyefikiri vizuri na kujituma ana nafasi ya kweli ya kumshinda mwenzake, na kwamba hakuna njia moja inayoshinda njia zote.

Mizani hiyo huharibika kwa namna tatu ambazo mzazi anaweza kuziona hata kama hajawahi kucheza.

Ya kwanza ni mbinu moja kuwa na nguvu kupita kiasi. Katika daftari la yule kijana kuna kipindi ambapo karibu kila aliyemfunga alitumia mfumo uleule. Alipouiga, akashinda. Wiki chache baadaye mchezo ukafanyiwa marekebisho, mfumo ule ukaacha kufanya kazi, na aliyojifunza kwa miezi yakaanguka kwa usiku mmoja.

Ya pili ni fedha. Michezo mingi ya aina hii inapakuliwa bure, na mapato yake makubwa hutokana na vitu vinavyouzwa ndani. Si fedha ndogo. Mwaka 2021 kampuni ya Marekani ya Take-Two ilikubali kuinunua Nordeus ya Serbia, watengenezaji wa mchezo wa ukocha wa Top Eleven, kwa kiasi kinachoweza kufikia dola milioni 378. Mchezo ukiwa bure na bado una thamani hiyo, ina maana kuna watu wengi wanaolipa.

Hapo ndipo daftari la kijana lilipoonyesha kitu ambacho yeye mwenyewe hakukisoma sawasawa. Aliamini kwamba amefungwa kwa sababu amelipa kidogo. Lakini aliyelipa hupanda ligi, na akipanda hukutana na waliolipa zaidi. Elfu kumi na nane haikumnunulia ubingwa. Ilimnunulia wapinzani wa gharama kubwa zaidi. Angepeleka elfu hamsini, angefika palepale kwenye ngazi ya juu zaidi.

Ya tatu ni muda, na hii ndiyo inayogusa afya moja kwa moja. Katika baadhi ya michezo hii, kocha aliye macho wakati wa mechi anaweza kubadili wachezaji na mbinu, wakati aliyelala timu yake inajiendesha yenyewe. Ligi inakusanya watu wa nchi mbalimbali, hivyo mechi inaweza kuangukia saa nane au tisa usiku kwa saa zetu. Aliyelala anaadhibiwa.

Kijana wa Kisaka alikuwa akiamka saa tisa usiku mara tatu kwa wiki. Simu aliiweka chini ya mto ikitetemeka, ili bibi asisikie. Saa kumi na moja na nusu anaamka tena kwenda shule. Wataalamu wa usingizi wanashauri mtoto wa miaka 13 hadi 18 alale saa nane hadi kumi kwa siku. Yeye siku hizo alikuwa akipata tano. Mwalimu wake aliona anasinzia darasani, akadhani ni malaria.

Mizani inawezekana

Kuna wanaosema dunia yenyewe haina usawa, kwa hiyo mchezo utakuwaje na usawa? Hapa nyumbani, tangu Azam ilipotwaa ubingwa wa Ligi Kuu msimu wa 2013/14, kombe lilizunguka kati ya Yanga na Simba tu hadi msimu wa 2024/25. Mtoto wa Mara anayeipenda Biashara anajua fedha zinafanya nini kwenye mpira.

Lakini usawa hupangwa, na waliotaka wameweza. Wamarekani, watu wa biashara kuliko wengi, wana ligi yao ya mpira ule wa kuvaa helmeti, NFL. Tangu mwaka 1936 ligi hiyo hugawana wachezaji chipukizi kwa utaratibu ambao timu iliyofanya vibaya zaidi ndiyo inayopewa nafasi ya kuchagua kwanza. Tangu 1994 kuna ukomo wa fedha ambazo kila timu inaruhusiwa kutumia kwa mishahara. Tajiri hawezi kuwanunua wote. Wapo pia Wamarekani wanaocheza ukocha wa mpira huo kwenye intaneti, na wanachobishania ni hayohayo ya kijana wa Kisaka: mbinu ipi imezidi nguvu, na nani amepewa faida asiyostahili.

Mfano wa karibu zaidi ni mchezo wa kubashiri kikosi wa Ligi Kuu ya Uingereza, Fantasy, ambao vijana wengi wa Tanzania wanaufahamu. Kila mtu, awe bilionea wa London au mwanafunzi wa Mugumu, anaanza na pauni milioni 100 za kufikirika. Anasajili wachezaji 15, wasiozidi watatu kutoka klabu moja. Akitaka kubadili wengi kupita kiwango, anakatwa pointi, hatozwi fedha. Na muda wa mwisho wa kupanga kikosi unajulikana mapema. Hakuna haja ya kuamka saa tisa usiku.

Zipo pia serikali zilizoingilia. Mwaka 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilisema kwamba masanduku ya bahati yanayouzwa ndani ya michezo, ambayo mtoto analipa bila kujua atapata nini, yanavunja sheria ya kamari ya nchi hiyo. Mwanzoni mwa 2019 kampuni ya EA ikasitisha kuuza sarafu za mchezo wake wa FIFA nchini humo. Kilichokuwa kinaitwa burudani ya watoto kilipimwa kwa mizani ya kamari.

Je, ni ugonjwa?

Mjomba alikuwa na jibu moja: mtoto amekuwa teja wa simu. Neno hilo linasemwa haraka siku hizi, na linaweza kumbandika mtoto jina ambalo si lake.

Shirika la Afya Duniani linatambua tatizo la uchezaji wa michezo ya kidijitali katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Lakini limeweka vigezo. Mtu ameshindwa kujizuia, hajui kuanza wala kuacha. Mchezo umetangulia mbele ya mambo mengine ya maisha, hata yale aliyoyapenda. Na anaendelea au anaongeza hata baada ya kuona madhara. Hali hiyo iwe imeharibu kwa kiwango kikubwa maisha ya familia, masomo au kazi, na kwa kawaida iwe imeonekana kwa muda usiopungua miezi 12.

Kijana wa Kisaka alikuwa na miezi mitano. Bado alikuwa anateka maji na kucheza mpira wa kweli Jumamosi. Kuiba fedha za dawa na kukesha ni ishara nzito, na mzazi hapaswi kuzipuuza. Ila kati ya tabia mbaya na ugonjwa kuna umbali, na katika umbali huo ndimo mzazi ana nafasi ya kufanya kitu.

Na mgonjwa halisi wa nyumba ile alikuwa amelala chumbani. Presha inapokuwa 140 kwa 90 au zaidi, ikipimwa siku tofauti, huhesabiwa kuwa ya juu. Mara nyingi haiumi popote. Dawa huidhibiti, haziiondoi, na mgonjwa akiziacha inapanda tena, ikibeba hatari ya kiharusi, moyo kushindwa kufanya kazi na figo kuharibika. Siku tisa si jambo dogo kwa mwanamke wa miaka 67.

Mama alimwingiza mwanawe chumbani, akamkalisha kando ya kitanda na kumwambia amweleze bibi mwenyewe. Kijana alieleza. Hakutaja tokeni, alisema tu kwamba amekula fedha ya dawa.

Bibi alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Ulikuwa na njaa?"

Hapo ndipo kijana alipolia.

Kausha damu

Jioni ile mama alimsimulia kitu ambacho hakuwahi kumwambia. Mwaka uliotangulia, pembeni ya banda lake pale Nyamongo lilifunguliwa banda jingine lenye mtaji. Sahani ya ubwabwa na nyama iliuzwa kwa bei ambayo yeye hata akipika bure hawezi kuifikia, na juu yake mteja alipewa soda. Wateja wake walihama ndani ya wiki mbili.

Alikwenda kuulizia mkopo wa kausha damu, ule unaotolewa haraka na kulipwa kila siku kwa riba inayonyonya, ili naye ashushe bei. Alikuwa ameshapeleka kitambulisho.

"Nikakaa, nikapiga hesabu," alimwambia. "Nikaona hata nikikopa, yule ana cha kuongeza na mimi sina. Nitashusha, atashusha, mpaka nibaki na deni."

Alirudi kuchukua kitambulisho. Akaacha kupika mchana. Sasa anaamka saa tisa usiku, anachemsha uji na kukaanga chapati kwa ajili ya watu wa zamu ya alfajiri, wakati lile banda kubwa bado limefungwa.

"Saa tisa," kijana alisema. "Na mimi huwa naamka saa tisa."

"Mimi nalipwa," mama akajibu.

Walicheka wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu afike.

Mama hakumwambia kwamba malalamiko yake ni ya uongo. Alimwambia hesabu zake ni sahihi, na kwamba mtu mwenye hesabu sahihi namna ile alipaswa kuondoka uwanjani kabla ya kugusa fedha ya bibi. Kuonewa kwenye mchezo hakukumpa ruhusa ya kumwonea mwingine nyumbani. Mjomba aliyesikiliza kutoka nje aliegemeza fimbo ukutani, akaingia kunywa chai.

Walichofanya, na mzazi anachoweza kufanya

Hawakuivunja simu. Waliiondoa chumbani usiku: inalala sebuleni, inachajiwa huko. Mchezo ule kijana aliufuta mwenyewe baada ya siku nne, siku ambazo alikuwa akiufungua, akitazama timu yake ikifungwa, na kuufunga tena. Shilingi 26,000 anazilipa kidogo kidogo kwa kubeba tofali za jirani siku za Jumamosi. Mama anaziandika kwenye daftari lake la madeni, jina la mwanawe likiwa kati ya wateja waliokula chapati na hawajalipa.

Namba ya siri ya bibi imebadilishwa. Fedha za dawa sasa mama humlipa mwenye duka la dawa moja kwa moja, na bibi anaenda kuchukua mwenyewe. Hili ni jambo la kufikiriwa na familia nyingi. Katika vijiji vingi watoto ndio wamekuwa makarani wa fedha za wazee, kwa sababu wao ndio wanaosoma. Ni mzigo mkubwa kwa mtoto kushika peke yake fedha za watu wazima, bila mtu wa pili wa kuhakiki. Si lazima awe mwizi ili ashindwe.

Mzazi mwenye simu inayochezewa na mtoto anaweza kuanza na mpangilio wa duka la programu, aweke nywila itakayodaiwa kila mara kabla ya kununua chochote. Asimwachie mtoto namba ya siri ya fedha, wala kadi ya benki isibaki imehifadhiwa ndani ya simu. Aulize, bila ukali, mchezo huu unauza nini, na anayelipa anapata faida gani kwa asiyelipa. Mtoto atajibu vizuri kuliko mtu yeyote, kwa kuwa amekwisha kuumizwa nalo. Aangalie saa za mechi. Na akiona mtoto anakesha, anadanganya kuhusu fedha, amejitenga na marafiki au ana hasira isiyo ya kawaida akinyang'anywa simu, atafute msaada kwenye kituo cha afya au apige simu ya huduma kwa mtoto, namba 116.

Zaidi ya yote, akae naye aone mchezo wenyewe. Mama wa Nyamongo alitumia nusu saa tu na lile daftari. Bila hiyo nusu saa angempiga mwizi, na asingejua kwamba ana mtoto anayeweza kukusanya takwimu za mechi 40 bila kuagizwa na mtu.

Kikosi cha bibi

Msimu huu kijana ana timu ya Fantasy, ile ya pauni milioni 100 kwa kila mtu. Mama anayo yake. Hakuna fedha inayowekwa. Ijumaa jioni hupigiana simu kupanga, na bibi huulizwa nani awe nahodha. Huchagua kwa majina anayoyasikia redioni, na mara mbili amepatia kuliko wao.

Presha yake ilipopimwa mara ya mwisho ilikuwa 138 kwa 86. Muuguzi alimsifu. Anakunywa dawa saa moja asubuhi baada ya uji, na mjukuu hutia alama ya vema kwenye kalenda ya ukutani.

Bado anamwita mume wangu. Lakini kitochi, ambacho zamani kilikuwa juu ya kabati, sasa anakifunga kwenye pindo la kanga. Mjukuu akikihitaji lazima aombe, naye bibi hufungua fundo polepole, akimtazama. Kijana husimama na kusubiri hadi fundo lifunguke.